Marekani: Wawindaji wa piesi za magari ambayo viwanda viliacha kuyatengeneza miaka 50 iliyopita

Gari lilikuwa limekaa uani, kusini ya rasi ya Baja California katika nchi ya Mexico, bila moteri, bila bwati ya vitesi, limepakwa rangi nyeupe na kuliwa na kutu. Aliyelinunua hakujua lilikotoka. Alitafuta tu bodi ya Ford Mustang ya mwaka 1968 ili garaje moja ya mji wa Mexicali iigeuze kuwa nakala ya gari lingine linaloonekana kwenye filamu. Kazi ilikuwa karibu kuanza pale namba ya chasi ilipotafutwa. Ilimalizikia na tarakimu 558.

Kwa mtu wa kawaida, hiyo ni namba tu. Kwa wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani, ilikuwa habari ya kukosesha usingizi. Mwaka 1968 kampuni ya filamu ya Warner Bros ilitumia Mustang mbili za kijani kwa filamu Bullitt, ambayo mwigizaji wake mkubwa alikuwa Steve McQueen. Ya kwanza, 559, ilitumiwa kwa picha za kawaida. Ya pili, 558, ndiyo iliyorushwa juu ya miteremko ya San Francisco katika mbio za karibu dakika 11 ambazo mpaka leo walimu wa sinema huwaonyesha wanafunzi wao. Wengi waliamini kwamba 558 ilisagwa zamani pamoja na vyuma chakavu.

Mwanzoni mwa mwaka 2017, mtaalamu kutoka Arizona ambaye kampuni yake ina ruhusa ya kutumia kumbukumbu za kiwanda cha Ford alifika kuliangalia. Alikuta matundu yaliyotobolewa sehemu ya nyuma, na vyuma vilivyoongezwa mbele ili gari listahimili kuruka na kutua. Akathibitisha kwamba ni lenyewe. Kama mafundi wangekuwa wamekwisha kukata na kuchomelea, ushahidi huo wote ungebaki sakafuni mwa garaje, umefagiwa pamoja na vumbi la chuma.

Hiyo ndiyo hofu na ndiyo tamaa ya kazi hii. Fundi wa Goma au Bukavu anayetoa piesi kwenye Toyota iliyokufa ili kufufua nyingine anaijua nusu ya kwanza ya kazi hiyo vizuri sana. Nusu ya pili ndiyo itamshangaza. Kwake yeye, piesi nzuri ni ile inayofanya gari litembee. Kwa Wamarekani hawa, piesi inaweza kufanya gari litembee vizuri kabisa na bado ikawa mbaya, kwa sababu ilitengenezwa mwezi mmoja baada ya gari lenyewe.

Yalivyozaliwa, yalivyokufa

Wamarekani wanayaita magari yenye misuli. Ni magari ya ukubwa wa kati, ya milango miwili, yaliyouzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kulipa, lakini yakiwa yamewekewa moteri kubwa ya silinda nane iliyokusudiwa kwa gari zito zaidi.

Wengi wanahesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya mwaka 1964, na habari yake inachekesha kidogo. Shirika la General Motors, lenye kumiliki Pontiac, lilikuwa limekataza magari ya ukubwa wa kati kuwekewa moteri inayopita inchi za ujazo 330, yaani karibu lita 5,4. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, pamoja na wenzake, walisoma katazo hilo kwa makini. Lilihusu gari lenyewe, halikutaja vitu ambavyo mteja anaongeza kwa hiari yake. Basi wakaiandika moteri ya inchi 389, lita 6,4, kama nyongeza ya hiari kwenye gari lao la Tempest. Ndani ya kampuni walitarajia kuuza 5.000. Ziliuzwa 32.450 katika mwaka huo wa kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka katazo.

Ford ilikuwa imezindua Mustang tarehe 17 mwezi wa nne mwaka huohuo wa 1964, kwenye maonyesho ya kimataifa ya New York. Chevrolet ikajibu na Camaro. Dodge na Plymouth wakaleta Charger, Barracuda na Road Runner, na juu ya yote moteri ya Hemi ya inchi 426, ambayo kwa sababu ya ukubwa wake ilipewa jina la tembo.

Haikudumu. Kampuni za bima zilianza kuwatoza vijana pesa nyingi kupita mkopo wa gari lenyewe. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ililazimisha viwanda kupunguza moshi, na kuanzia modeli za 1971 General Motors ilipunguza nguvu ya moteri zake ili zikubali esanse isiyo na risasi. Mwezi wa kumi mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilifunga mafuta kwa Marekani, na watu walipanga foleni kwenye vituo vya esanse. Gari linalokunywa kama ng'ombe likawa aibu mbele ya nyumba. Yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa na vijana, yakaachwa mashambani. Katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kutu ilimaliza yaliyosalia.

Kwa hiyo piesi ni adimu kwa sababu rahisi: zilitengenezwa kwa miaka michache, na kwa miaka mingi iliyofuata hakuna aliyeona maana ya kuzihifadhi.

Namba lazima zilingane

Ukitaka kufahamu kwa nini kipande cha chuma kilichooza kinaweza kupiganiwa mnadani, anza na namba.

Kabla ya mwaka 1981, ambapo namba ya chasi ya herufi na tarakimu 17 ikawa ya lazima kwa wote nchini Marekani, kila kampuni ilikuwa na mtindo wake. Magari ya miaka ya mwisho ya 1960 yana sehemu ya namba ya chasi iliyopigwa pia kwenye moteri na kwenye bwati ya vitesi. Zikilingana, ina maana gari bado lina moyo lililozaliwa nao. Zisipolingana, gari ni lilelile machoni, linatembea vilevile, lakini bei yake huanguka sana.

Na haikomi kwenye moteri. Kwenye vyuma vya Chevrolet vilivyomiminwa kiwandani kuna tarehe: herufi ya mwezi, kuanzia A kwa mwezi wa kwanza, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 12 9 ni tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka 1969. Alama za aina hiyo ziko kwenye karburateri, kwenye alternata, kwenye marimu, hata kwenye pembe ya kioo cha dirisha. Mrekebishaji makini anajua gari lake liliunganishwa siku gani, kisha anahesabu kurudi nyuma. Alternata iliyotengenezwa wiki chache kabla ya siku hiyo inakubalika. Iliyotengenezwa wiki moja baada yake haiwezi kuwa ya gari hilo, kwa kuwa siku gari linatoka kiwandani alternata hiyo haikuwepo duniani.

Sasa fikiria mtu anayehitaji karburateri ya aina fulani, ya modeli fulani, yenye tarehe inayoangukia kati ya mwezi wa kwanza na wa pili wa 1969. Si karburateri anatafuta. Anatafuta wiki chache.

Pale kiwanda kilipotengeneza magari machache ndipo hali inakuwa ngumu kabisa. Mwaka 1969 Chevrolet ilitoa Camaro 69 tu zenye moteri ya ZL1, ya lita 7, iliyotengenezwa kwa aluminiamu. Ziliuzwa kwa zaidi ya dola 7.000 wakati Camaro ya kawaida ilikuwa chini ya dola 3.000, na wauzaji wengi hawakupata wateja. Baadhi zilitolewa moteri hiyo na kuwekewa nyingine ili tu zinunuliwe. Hemi 'Cuda ya mwaka 1971 isiyo na paa ni adimu zaidi, na moja yake iliuzwa kwa dola milioni 3,5 kwenye mnada wa Seattle mwaka 2014.

Uwanja wa Hershey

Kuna aina tatu za piesi. Ya kwanza ni iliyotolewa kwenye gari lingine. Ya pili, inayopendwa kuliko zote, ni mpya ya zamani: ilitengenezwa na kiwanda chenyewe wakati ule, ikabaki ndani ya boksi lake kwenye rafu ya muuzaji fulani, haikuwahi kufungwa kwenye gari. Ya tatu ni nakala inayotengenezwa leo.

Nakala zimeokoa wengi. Leo mtu anaweza kununua kwa kampuni ya Dynacorn bodi nzima ya Camaro ya 1969 au Mustang ya 1967, tole mpya kabisa, na kujenga gari kuanzia sifuri. Ukiwa na Mustang au Camaro, karibu kila kitu kipo kwenye katalogi. Lakini ukipenda gari ambalo halikupendwa na wengi, kwa mfano Mercury au Oldsmobile ya mwaka fulani, hakuna kampuni itakayotengeneza kalibu kwa ajili ya wateja 40. Hapo ndipo uwindaji unapoanza kwa kweli.

Kila mwaka, katika mwezi wa kumi, maelfu wanakwenda Hershey, mji wa chokoleti katika jimbo la Pennsylvania. Tangu mwaka 1955 kunafanyika huko soko la magari ya zamani, na siku hizi lina nafasi za wauzaji karibu 9.000. Mtu mwenye soko la Virunga akilini afikirie hilo hilo, lakini kila meza imejaa taa za nyuma, mikono ya vioo, nembo za chuma na vifuniko vya mapine. Carlisle, mji mwingine wa jimbo hilohilo, una soko lake tangu 1974. Wazoefu hufika kabla jua halijachomoza, na tochi mkononi, wakiinama chini ya meza, kwa sababu muuzaji asiyejua anachouza huweka kitu kizuri chini.

Wengine huenda mbali zaidi. Katika jangwa la Arizona mvua ni chache na kutu haina nguvu. Jua huunguza viti na dashibodi lakini tole inabaki nzima. Mtu wa Michigan anaweza kufunga safari ya zaidi ya kilomita 3.000 kwa ajili ya bawa moja la nyuma. Katika jimbo la Georgia, kwenye mji mdogo wa White, kuna msitu wenye magari zaidi ya 4.000 ambamo miti imeota kupitia madirisha. Mahali hapo, Old Car City, palianza mwaka 1931 kama duka la kijiji. Baadaye watu walianza kulipa kuingia na kupiga picha, na kwa mwindaji wa piesi ni mateso: kuona na kutochukua.

Halafu kuna kazi ya kubisha hodi. Gari chini ya turubai nyuma ya ghala, mzee ambaye kila mwaka anajibu kwamba atalitengeneza mwenyewe siku moja. Wanunuzi wanajua jibu hilo. Wanaacha namba ya simu, wanarudi mwaka ujao. Mara nyingi simu hupigwa na watoto baada ya mazishi.

Miaka ya kazi, si miezi

Gari likipatikana, hufumuliwa mpaka buloni ya mwisho. Kila kitu hupigwa picha na kutiwa kwenye mifuko yenye majina, kwa kuwa miaka mitatu baadaye hakuna anayekumbuka visi ipi ilitoka wapi. Bodi hufungwa kwenye chuma kinachozunguka, kisha hugeuzwa sawa na mbuzi juu ya moto, ili fundi afikie tumbo lake akiwa amesimama. Kutu hutolewa kwa mchanga wa kupuliziwa, na hapo ukweli hujitokeza: sakafu iliyoonekana nzima ilikuwa rangi tu iliyoshikilia hewa. Sehemu zilizooza hukatwa, tole mpya huchomelewa.

Moteri nayo ina mambo yake. Zilitengenezwa kwa esanse yenye risasi, ambayo ililinda viti vya vali. Risasi ikiisha, viti hivyo huchakaa, kwa hiyo mafundi hutoboa na kuingiza pete za chuma kigumu. Esanse ya leo nchini Marekani ina alkoholi ndani yake, nayo hula mipira ya zamani ya mabomba ya mafuta na ya karburateri. Hata mafuta ya moteri yamebadilika: zinki iliyomo imepunguzwa, na ekseli ya kufungulia vali inaweza kuharibika ndani ya saa chache za kwanza kama fundi hakuongeza dawa yake.

Baada ya yote hayo, kwa wale wanaopeleka gari mbele ya majaji wa mashindano, inakuja hatua ambayo mgeni huidhani kuwa mzaha. Kiwandani, wafanyakazi walikuwa wanaweka alama za chaki na madoa ya rangi kuonyesha kwamba buloni imekazwa au piesi imekaguliwa. Rangi ya chini ilirushwa haraka haraka, ikachuruzika. Mrekebishaji bora anarudisha vitu hivyo vyote, pamoja na michuruziko. Gari lililong'arishwa kupita lilivyotoka kiwandani hupunguziwa alama. Watu hutumia maelfu ya dola kuiga uzembe wa mfanyakazi wa zamu ya Ijumaa jioni mwaka 1970.

Penye pesa, wezi wa namba

Kwa kuwa namba ndizo bei, kuna wanaozitengeneza. Wanasaga sehemu ya moteri yenye namba ya zamani na kupiga mpya. Wakaguzi hujibu kwa kuangalia mistari midogo iliyoachwa na mashine ya kiwanda juu ya chuma. Ikikosekana au ikielekea upande usio wake, mtu huyo amedanganya. Kwa Ford, kumbukumbu za kiwanda kuanzia modeli za 1967 zipo, na mnunuzi anaweza kulipia ripoti ya gari lake. Pontiac pia kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Kwa Chevrolet nyingi zilizouzwa Marekani hakuna daftari la aina hiyo, na ajabu ni kwamba zile zilizouzwa Canada, tawi la General Motors la huko lilitunza karatasi zake. Camaro iliyovuka mpaka ina cheti. Ndugu yake aliyebaki Ohio hana.

Sheria ya Marekani inakataza kuondoa au kubadilisha namba ya chasi, na kwa sababu nzuri, kwani ndiyo njia ya wezi wa magari. Lakini fundi anayetoa rangi yote mpaka chuma kitupu hulazimika wakati mwingine kuondoa kibao hicho na kukirudisha. Katika jimbo la Kansas, mtu aliyenunua Chevrolet Corvette ya mwaka 1959 alinyang'anywa gari lake mwaka 2017 alipolipeleka kukaguliwa, kwa sababu kibao kilikuwa kimewahi kutolewa na kurudishwa wakati wa matengenezo. Hakuwa ameiba chochote, na hakuna aliyemshitaki, lakini sheria ilitaka gari liharibiwe. Kesi ikavutana kwa miaka. Mwaka 2022 wabunge wa jimbo walibadilisha sheria ili kuruhusu kibao kutolewa pale kinapozuia kazi ya kurekebisha.

Lile ambalo halikuguswa

Ndugu wa gari la Mexico, Mustang 559, lilikuwa na bahati nyingine. Mwaka 1974 baba mmoja wa New Jersey alilinunua kwa dola 6.000 baada ya kuona tangazo kwenye jarida. Mke wake, mwalimu, alilitumia kwenda shuleni. Mwaka 1977 Steve McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba kulinunua tena. Hakupewa. Mwaka 1980 ambreyaji ikaungua, gari likiwa limetembea karibu kilomita 105.000, likaingizwa garajeni na familia ikanyamaza kwa miaka mingi.

Baba alifariki mwaka 2014. Mtoto wake ndiye aliyelifufua, na swali likawa lilelile la kila mrekebishaji: kufanya upya au kuacha? Alirudisha moteri kwenye hali ya kuwaka, na mambo mengine akayaacha. Rangi ya kijani iliyofifia, kutu, mikwaruzo, matundu ya kufungia kamera za mwaka 1968, vyote vilibaki. Lilipoonyeshwa Detroit mwezi wa kwanza mwaka 2018, watu walilishangilia katika hali hiyohiyo. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2020, kwenye mnada wa Kissimmee, Florida, liliuzwa kwa dola milioni 3,4, na pamoja na gharama za mnada milioni 3,74. Rangi mpya ingelipendeza, na ingelifutia sehemu kubwa ya bei hiyo.

Kwa wasio na Mustang ya sinema, matumaini ni madogo zaidi na yanakaa chini ya kiti. Viwandani, kila gari lilifuatana na karatasi iliyoorodhesha moteri yake, rangi yake na kila nyongeza aliyoagiza mteja. Wafanyakazi wa Chrysler walikuwa na desturi ya kuzisokomeza ndani ya springi za viti. Kwa Chevrolet mara nyingi zinapatikana juu ya tanki la esanse. Ndiyo maana mwindaji akifungua mlango wa gari lililooza, hata kabla ya kutazama moteri, huingiza mkono chini ya kiti na kupapasa. Akibahatika, anavuta karatasi ya manjano inayosomeka. Siku nyingi anavuta kiota cha panya, kilichotengenezwa kwa vipande vidogo vya karatasi hiyohiyo, na kuna wanaokaa mezani na koleo ndogo na gundi, wakiunganisha vipande hivyo mpaka namba ya chasi ionekane.